Kuzuia Maji ya Kuku Yasigande Katika Majira ya Baridi Kali

Mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, wastani wa joto la mwezi Januari huwa karibu nyuzi 9 za selsiasi chini ya sifuri, na tarehe 30 Januari 2019 baridi ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zilizotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, sasa zinaishi katika majimbo ya namna hiyo, yakiwamo Minnesota, Iowa na Maine, na baadhi yake zimeirudia kazi ya kufuga kuku wachache nyuma ya nyumba. Kuku mzima mwenye manyoya kamili, akiwa katika banda kavu lisilopigwa na upepo, huistahimili baridi kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa kuwa mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi na manyoya yake hulishika joto hilo. Kinachomshinda ni kukosa maji, na katika majira hayo chombo kinaweza kuwa kimejaa tangu asubuhi hadi jioni bila kuku kupata hata tone moja la kunywa.

Mfugaji aliyetoka Makete nchini Tanzania au Kinangop nchini Kenya anaijua sakitu, yaani umande unaoganda, na huenda amewahi kuona utando mwembamba wa barafu juu ya ndoo alfajiri. Lakini huko jua likipanda kidogo utando huo huyeyuka na siku inaendelea kama kawaida, ilhali Minnesota barafu iliyoshika mwezi Desemba inaweza kubaki hadi Machi bila kulegea. Kwa hiyo mazoea ya nyumbani ya kujaza maji mara moja asubuhi na kwenda shambani hayatoshi. Inabidi mfugaji ajue kuku wake hunywa saa ngapi, maji yake hupotezaje joto, na ni wakati gani kazi ya mikono iachiwe umeme.

Kuku anayetaga hula gramu 115 hivi za chakula kikavu kwa siku, na hunywa maji yenye uzito wa karibu mara mbili ya chakula hicho, yaani robo lita au zaidi kidogo. Kuku kumi basi wanahitaji lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku ya baridi. Yai lenyewe karibu robo tatu yake ni maji, na chakula kilichomo katika gole, yaani kifuko cha chakula kilicho shingoni mwa kuku, hakilainiki wala kushuka vizuri bila maji, kwa hiyo kuku aliyekosa maji huacha pia kula, na kuku asiyekula hana cha kuchoma mwilini ili apate joto. Ndiyo sababu siku moja tu ya ukame bandani huonekana katika idadi ya mayai, na kuku wakikaa bila maji kwa muda mrefu zaidi wanaweza kuacha kutaga kabisa na kuanza kunyonyoka manyoya katika wakati ambao wanayahitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Wako wanaoamini kwamba kuku atajitafutia theluji. Ni kweli kwamba kuku hudonoa theluji, lakini kuitegemea ni kumdhulumu. Kuyeyusha gramu moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri kunahitaji joto lilelile ambalo lingepandisha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Joto hilo lote linatoka katika mwili wa kuku, na limetokana na chakula ulichokinunua. Mbali na hilo, theluji huwa na hewa nyingi na maji machache, hivyo kuku angelazimika kula rundo kubwa ili afikishe robo lita.

Jambo la kwanza la kupanga ni saa za kunywa. Kuku haoni gizani, na akishapanda kwenye fito za kulalia hashuki kunywa mpaka kupambazuke. Mwishoni mwa Desemba jua la Minneapolis huchomoza muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo mchana wote haufiki saa tisa. Maana yake ni kwamba mfugaji asiye na umeme bandani hana haja ya kupigana na barafu usiku kucha. Atoe chombo jioni kuku wanapopanda, amwage maji yote, akilaze chombo ndani ya nyumba, na kukirudisha kikiwa na maji mapya mara tu kunapokucha. Kuku hunywa sana katika vipindi viwili, asubuhi wanaposhuka na jioni kabla ya kulala, na vipindi hivyo visikosekane kwa sababu yoyote. Anayewasha taa ya kuongeza urefu wa mchana ili kuku wake waendelee kutaga ahesabu tofauti, kwa kuwa kuku wake wako macho kwa saa kumi na nne au zaidi na wanahitaji maji kwa saa hizo zote.

Kwa kazi hii ya mikono, chombo bora kuliko vyote ni karai la mpira mweusi, la aina inayouzwa katika maduka ya wakulima kwa ajili ya kulishia farasi na kondoo. Maji yanapoganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na mtanuko huo hupasua plastiki ngumu na kufungua viungo vya chombo cha bati, lakini mpira hutanuka pamoja nayo. Barafu ikishika, unaligeuza karai kichwa chini, unalikanyaga kwa kiatu, na bonge linatoka zima. Nunua makarai mawili kwa kila sehemu ya kunyweshea, ili moja likiwa bandani jingine liwe ndani ya nyumba likiyeyuka na kuoshwa. Kwa kuku wasiozidi kumi, na kwa mtu ambaye yuko nyumbani mchana au mwenye kijana wa kumsaidia akirudi shule, makarai mawili na birika la maji vuguvugu yanatosha kuvuka siku nyingi za majira haya. Maji yawe vuguvugu tu. Maji yanayotoa mvuke mwingi hayana faida yoyote ya ziada, humlowesha kuku uso, na mvuke wake huishia kuganda juu ya kuta.

Mahali pa kuweka karai pana uzito kama karai lenyewe. Huku kaskazini jua la majira ya baridi hupita chini upande wa kusini, kwa hiyo karai jeusi likiwekwa kusini mwa banda, penye ukuta nyuma yake na kinga dhidi ya upepo wa kaskazini magharibi, hupata joto la jua kwa saa kadhaa. Upepo unapaswa kuogopwa zaidi ya kipimo cha joto chenyewe, kwa sababu hubeba joto la uso wa maji bila kupumzika. Usiliweke karai moja kwa moja juu ya theluji au saruji. Liweke juu ya ubao, au ndani ya tairi kuukuu la gari ambalo tumbo lake limejazwa nyasi kavu au vipande vya boksi la povu. Vilevile chombo chenye kina na mdomo mdogo huchelewa kuganda kuliko sinia pana lenye maji machache, na lita kumi za pamoja huchelewa kuliko lita moja moja zilizotawanywa. Ukiwa na deli kuukuu la kuuzia vinywaji, unaweza kulitoboa tundu kubwa la kutosha kichwa cha kuku kwenye kifuniko na kuliweka karai ndani yake.

Njia hizi zote huchelewesha barafu na haziizuii kabisa. Nyuzi zikiwa tatu au nne chini ya sifuri na jua likiwaka, karai lililowekwa vizuri linaweza kukaa na maji nusu siku au zaidi. Nyuzi zikishuka kufikia kumi na tano, karai hilohilo litakuwa limeshika barafu kabla hujamaliza shughuli za asubuhi, na hapo utaenda bandani kila baada ya saa moja au mbili. Ninavyoona mimi, mtu anayetoka kazini jioni, na ambaye anaishi mahali ambapo wiki nzima inaweza kupita bila kipimo kuvuka nyuzi kumi chini ya sifuri, asijidanganye kwa tairi na nyasi. Apeleke umeme bandani.

Umeme wenyewe unaohitajika ni mdogo kuliko watu wanavyoogopa. Chombo cha maji chenye kipasha joto ndani yake, cha lita kumi na moja hivi, kwa kawaida hutumia wati 100, na kitako cha kupasha joto ambacho chombo cha bati hukaa juu yake hutumia wati 125 hivi. Bakuli la mbwa lenye waya, ambalo wafugaji wengi wa kuku hulipenda kwa bei yake, hutumia pungufu ya hapo. Wati 100 zikiwaka saa 24 bila kuzimika ni uniti 2.4 za umeme, na vifaa vingi vina thamostati inayowasha tu joto linapokaribia nyuzi mbili juu ya sifuri, hivyo matumizi halisi huwa chini zaidi. Kama kifaa chako hakina thamostati, kuna soketi ndogo za kuchomeka katikati zinazowasha umeme kwenye nyuzi mbili hivi na kuukata hewa ikifika nyuzi saba. Ili uone nguvu iliyomo katika kifaa kidogo namna hii, wati 100 katika saa kumi hutoa joto la kutosha kuyeyusha zaidi ya kilo kumi za barafu, ingawa sehemu ya joto hilo hupotea hewani na ndiyo maana chombo cha umeme nacho kinahitaji kukingwa na upepo.

Kitako cha kupasha joto kwa kawaida kimetengenezwa kwa ajili ya chombo cha bati chenye kuta mbili. Usiweke chombo cha plastiki juu yake mpaka maelezo ya mtengenezaji yawe yameruhusu waziwazi. Anayetumia chombo cha bati aache pia desturi ya kutia siki katika maji, kwa sababu siki hula zinki iliyopakwa juu ya bati. Kitako kiwe juu ya tofali au jiwe bapa lililo sawa, lenye kimo cha mgongo wa kuku, ili kuku wasikijaze maranda kwa kuchakura na ili pasiwe na majani makavu yanayogusa sehemu ya moto.

Wafugaji wa Marekani walikuwa na kifaa cha kujitengenezea, ambacho ni kopo la biskuti lenye balbu ya wati 40 ndani yake, na chombo cha bati juu ya mfuniko. Kifaa hicho kilifanya kazi kwa sababu balbu za zamani zilipoteza umeme mwingi kwa njia ya joto. Tangu Agosti 2023, sheria ya Marekani ya kubana matumizi ya umeme ilipoanza kusimamiwa kikamilifu, balbu hizo zimeadimika madukani, na balbu za LED zilizochukua nafasi yake hazitoi joto la kutosha kwa kazi hii. Mtu asipoteze muda kuliunda kopo hilo kwa balbu ya LED. Na hata aliyebahatika kuwa na balbu za zamani azingatie kwamba kifaa cha dukani kilichopimwa usalama kina kinga ambazo kopo lililotobolewa kwa msumari halina.

Hapa inafaa kusema bila kuficha kwamba banda la kuku ni mahali pabaya kwa umeme. Pana vumbi, maranda, nyasi kavu, manyoya, unyevu na ndege wanaorukaruka. Taa za kupashia joto za wati 250, zile nyekundu zinazoninginizwa juu ya vifaranga, zimeteketeza mabanda mengi pamoja na kuku waliomo, na wakati mwingine moto umevuka hadi kwenye nyumba. Usizitumie kamwe kuzuia maji yasigande. Pasha maji yenyewe joto, na hewa ya banda iache ilivyo. Waya wa ekstensheni uwe wa kutumika nje, wenye pini tatu, mzima bila kiraka, na urefu wake utoshe bila kuunganisha mmoja kwa mwingine. Uchomekwe katika soketi ya nje inayojikata yenyewe umeme unapovuja, yaani ile yenye vitufe viwili vya kujaribia, na uijaribu kila mwezi. Maungio yote yafungiwe katika kasha lisilopitisha maji, yainuliwe juu ya theluji, na waya uliomo bandani upitishwe ndani ya bomba ili panya wasiutafune wala kuku wasiudonoe. Kama nyumba ni ya kupanga, muulize mwenye nyumba kabla ya kuvuta waya, na kama banda liko mbali sana na nyumba, fundi umeme mwenye leseni achimbie waya wa kudumu ardhini.

Chuchu za kunyweshea, ambazo kuku huzidonoa ili zitoe tone, zinastahili kutajwa kwa sababu zinaondoa tatizo jingine kabisa. Jogoo mwenye ndevu ndefu, yaani zile nyama nyekundu zinazoning'inia chini ya mdomo, akinywa katika karai huzilowesha, na ndevu zilizolowa kwenye baridi ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri huganda, huwa nyeusi, na ncha zake hufa. Chuchu haimloweshi. Lakini chuchu za wima, zinazoning'inia chini ya ndoo au bomba, hubakiza tone kwenye ncha, na tone hilo ndilo la kwanza kuganda. Chuchu za ubavuni, zinazofungwa kwenye ukuta wa ndoo karibu na kitako chake, ndizo zinazofaa kwa baridi. Chukua ndoo ya lita kumi na tisa yenye mfuniko, uifunge chuchu tatu au nne kwenye kimo cha kichwa cha kuku, na utumbukize ndani yake kipasha joto cha majini ambacho maelezo yake yanasema ni salama kwa ndoo za plastiki. Kipasha hicho kizamishwe wakati wote, kwa hiyo ndoo isiachwe ikauke. Wafundishe kuku mapema, mwezi Septemba au Oktoba, huku karai likiwepo bado, kwa maana kuku asiyezijua chuchu anaweza kusimama mbele ya ndoo iliyojaa na kubaki na kiu. Kisha kila asubuhi bonyeza kila chuchu kwa kidole. Chuchu iliyoganda haina dalili yoyote ya nje.

Kuhusu unyevu, wafugaji wengi hukosea kwa nia njema. Wanaziba kila tundu la banda ili kuku wasione baridi, wanaingiza chombo kipana cha maji ya moto ndani, na baada ya wiki moja upanga wa kuku wao, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, umeungua kwa baridi. Upanga huharibiwa zaidi na hewa yenye unyevu kuliko hewa kavu ya kipimo hichohicho. Maji yanayotoa mvuke, pumzi za kuku na kinyesi vyote huongeza unyevu huo. Acha matundu ya hewa juu, karibu na dari, mbali na fito za kulalia, ili unyevu utoke bila upepo kuwapiga kuku usiku. Kama uwanja wa kuku umeezekwa na umekingwa upepo, weka maji huko na si ndani ya chumba cha kulala. Maranda yaliyolowa kuzunguka chombo yaondolewe siku hiyohiyo. Ukiona asubuhi madirisha ya banda yamejaa barafu upande wa ndani, jua kwamba hewa haitoki.

Maji yasiyoganda mahali ambapo kila kitu kimeganda huvuta ndege wa porini kutoka mbali. Tangu Februari 2022 Marekani imekuwa ikipambana na mafua makali ya ndege ya H5N1, ambayo bata na ndege wengine wa majini huyasambaza kwa kinyesi chao, na Minnesota yenye bata mzinga wengi imeumia sana. Karai la umeme lililowekwa wazi uani ni mwaliko kwa ndege hao. Lizungushie wavu wa matundu madogo na kuliezeka juu, na uwe na viatu vya bandani tu, usivivae kwingine.

Njia kadhaa zinazosifiwa sana zinafaa kuachwa. Chupa ya maji ya chumvi inayoelea katika karai haitoi joto lolote. Maji yaliyomo ndani yake ndiyo hayagandi upesi, na yale ya nje yanaganda kuizunguka chupa, na ikipasuka, chumvi hiyo ni sumu kwa kuku. Mpira mdogo unaoelea hutikisa uso wa maji penye upepo na kusaidia kidogo baridi inapokuwa nyepesi, basi. Kutia chumvi, spiriti au dawa ya rejeta ya gari katika maji ya kunywa ni kuwaua kuku, na dawa ya rejeta ni hatari kwa mbwa, paka na watoto pia.

Theluji nzito na upepo hukata umeme, na umeme ukikatika usiku wa baridi kali, chombo ulichokitegemea kitakuwa bonge la barafu kabla ya asubuhi. Makarai mawili ya mpira yabaki nyumbani hata kama una kifaa kizuri cha umeme, pamoja na madumu mawili ya maji safi, hasa kama maji yako hutoka kisimani kwa pampu. Mtu anayesafiri asimwachie jirani maneno matupu. Amwonyeshe jinsi ya kugeuza karai, jinsi ya kubonyeza chuchu, na soketi ipi ya kubonyeza upya ikijikata.

Vifaa vya umeme visiondolewe mapema, kwa sababu Minneapolis hupata usiku wa barafu hata mwishoni mwa Aprili. Vinapotolewa, visuguliwe ukoko mweupe ulioganda juu ya sehemu ya joto kwa kitambaa na siki, isipokuwa bati lenye zinki, vikaushwe, na waya ukaguliwe urefu wake wote kwa mkono kutafuta mahali palipopasuka au kutafunwa. Waya wenye jeraha utupwe, na vilivyobaki vihifadhiwe katika kasha lenye mfuniko mahali panya hawafiki.